Kinyonga Mkononi

Mmekwisha kujifunza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika katika makundi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Wengi wenu mmewahi kumshika samaki jikoni, kuku uani, na paka au mbuzi nyumbani. Baadhi yenu mmemshika hata chura. Lakini ni wachache waliowahi kumshika reptilia aliye hai, yaani nyoka, mjusi, kinyonga, kobe au mamba. Kundi hili tunalijua zaidi kwa macho na kwa hadithi kuliko kwa mikono. Katika sura hii tutaona mambo ambayo mkono unaweza kutufundisha juu ya reptilia, na jambo ambalo mkono hutudanganya. Tutaona pia ni reptilia gani wasioguswa kabisa.

Tuseme familia moja ya mjini Morogoro imesafiri hadi Arusha kuwaona ndugu zao. Siku ya Jumapili baba, mama na watoto wao wawili wanakwenda kutazama bustani ya nyoka. Bustani za namna hii si ngeni nchini. Mojawapo ilianzishwa mwaka 1993 huko Meserani, kiasi cha kilometa 25 kutoka mjini Arusha. Katika bustani kama hiyo nyoka wenye sumu hukaa nyuma ya vioo, na hakuna mgeni awagusaye. Lakini mtunzaji huweza kumtoa chatu mchanga, ambaye hana sumu, ili mgeni apendaye amshike.

"Shikamoo, mzee," watoto wanamwamkia mtunzaji.

"Marahaba, wanangu. Nani atakuwa wa kwanza?"

Mtoto mkubwa, msichana wa darasa la tano, anasogea mbele. Mdogo wake anajificha nyuma ya kanga ya mama. Mtunzaji anamwambia msichana anyooshe mikono yote miwili, viganja vikiwa juu, asimkamue nyoka na asifanye jambo lolote kwa haraka. Kisha anamlaza chatu polepole juu ya mikono hiyo. Msichana anakaza macho, halafu anacheka.

"Mama, mbona hatelezi? Na mbona ni wa baridi?"

Maswali hayo mawili ni ya kisayansi, nasi tutayajibu moja moja.

Watu wengi hudhani kwamba ngozi ya nyoka ina ute kama ngozi ya kambare. Hudhani hivyo kwa sababu ngozi hiyo hung'aa, na kitu king'aacho huonekana kama kimelowa. Kwa kweli ngozi ya nyoka ni kavu. Imefunikwa na magamba, na magamba hayo yameumbwa kwa kitu kigumu kiitwacho keratini. Hicho ndicho pia kilichoumba kucha na nywele zako. Pitisha kidole kimoja juu ya ukucha wako, nawe utakuwa umekaribia kujua jinsi magamba ya chatu yalivyo. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji ya mwilini yasipotee. Chura hana kinga hiyo, na ndiyo sababu hupenda mahali penye majimaji. Mjusi huweza kukaa juu ya mwamba mkavu kwa saa nyingi wala asidhurike. Tabaka la juu la ngozi hii halikui pamoja na mwili. Kwa hiyo nyoka akiongezeka ukubwa hulivua, akaliacha vichakani kama mtoto aachavyo shati lililombana.

Swali la pili lahitaji jaribio. Chukueni kipande cha bati na kipande cha ubao, mviweke pamoja juu ya meza darasani, na mviache usiku kucha. Asubuhi, kabla jua halijaingia dirishani, shikeni kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa mkono wa kushoto. Mtaona kwamba bati ni baridi kuliko ubao. Sasa viwekeeni kipimajoto. Kipimajoto kitaonyesha kwamba joto lake ni sawa! Mkono umewadanganya. Bati huondoa joto mkononi upesi, ubao huliondoa polepole, na mkono hupima upesi huo tu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba nyoka ni wa baridi, amesema kweli juu ya mkono wake, lakini bado hajasema mengi juu ya nyoka.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la kiasi cha nyuzi 37 za Sentigredi. Joto hilo halibadiliki sana, awe yuko Dar es Salaam kwenye joto kali au Mgeta kwenye baridi ya milimani. Mwili wetu hulifanya joto hilo wenyewe kutokana na chakula, na hii ni sababu moja ya sisi kula kila siku. Reptilia hapati joto lake kwa njia hiyo. Hulipata kutoka nje: kwenye jua, kwenye mwamba uliopata moto, au kwenye mchanga. Akiona baridi huenda juani, na akiona joto huingia kivulini. Ndiyo maana twasema kwamba ana damu baridi. Jina hilo si zuri sana, kwani damu ya mjusi aliyeota jua saa sita mchana huweza kuwa na joto kama yako. Lakini limezoeleka, nasi tutalitumia. Faida ya maisha ya namna hii ni kwamba reptilia huhitaji chakula kidogo. Chatu mkubwa aliyemeza mnyama mzima huweza kukaa wiki nyingi bila kula tena.

Sasa mrudie yule msichana. Baada ya dakika kumi anasema kwamba chatu si wa baridi tena. Joto limetoka mikononi mwake na kuingia katika mwili wa chatu. Tena nyoka amejizungusha kwenye mkono wake wa kulia na kutulia. Watu wazima waliosimama pale wanasema, "Amekupenda!" Hayo ni maneno ya mzaha. Chatu hushika mkono kama ashikavyo tawi la mti, ili asianguke, na mkono wa mtu ni tawi lenye joto.

Mdogo wake, bado yuko nyuma ya kanga, anauliza kama ulimi ule wenye ncha mbili unachoma. Hauchomi. Nyoka huutoa nje ili kukusanya harufu zilizomo hewani, kisha huurudisha ndani na kuzipeleka harufu hizo kwenye kiungo maalumu kilicho katika sehemu ya juu ya kinywa. Nyoka atoapo ulimi huwa anatunusa. Sumu ya nyoka mwenye sumu haimo ulimini hata kidogo; hupita katika meno.

Ingawa chatu hana sumu, hana budi kuheshimiwa. Ana meno mengi makali yaliyoelekea nyuma, na aking'ata huumiza. Akikua huweza kuzidi urefu wa meta nne, na nguvu zake ni nyingi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nyoka wakazao huua kwa kuzuia pumzi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa juu ya nyoka wa Amerika aitwaye boa, ulionyesha kwamba mkazo wake husimamisha mzunguko wa damu, na mnyama aliyekamatwa huzimia upesi. Kwa sababu hiyo mtoto asikubali kamwe kuvishwa chatu shingoni ili apigwe picha, na chatu mkubwa hushikwa na watu wazima zaidi ya mmoja.

Kabla ya kuondoka, mtunzaji anawaonyesha watoto bomba la maji na sabuni. Jambo hili huonekana dogo, lakini ni kubwa. Reptilia wengi wana bakteria waitwao salmonela, ambao huishi matumboni mwao bila kuwaletea ugonjwa, na huenea juu ya ngozi yao. Bakteria hao wakiingia kinywani mwa mtu huleta homa, maumivu ya tumbo na kuharisha. Watoto wadogo huumwa zaidi. Aliye chini ya miaka mitano afadhali atazame tu, na kila aliyeshika anawe mikono yote miwili kwa sabuni kabla hajagusa chakula au uso wake.

Si lazima kusafiri hadi Arusha ili kumwona reptilia. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, na milima hiyo ni mojawapo ya mahali penye vinyonga wa ajabu sana duniani. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kina urefu wa zaidi ya meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Katika mashamba na nyua za huku chini huonekana kinyonga wa kawaida, wa rangi ya kijani, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mfano wa masikio. Juu zaidi, katika misitu yenye ukungu, wamo wengine. Yumo ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Wamo wenye pembe moja puani. Yumo pia mdogo wa rangi ya udongo, asiyezidi urefu wa kidole cha mtu mzima, ambaye hufanana na jani lililokauka. Huyu alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1996, na jina la Uluguru limo ndani yake. Mwaka 2006 wataalamu walipotenga kundi jipya la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, waliliita Kinyongia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Japani au Brazili asomaye habari za wanyama hawa hutumia neno letu la Kiswahili, hata kama hajui kwamba ni letu.

Nyumbani kwao kinyonga hana sifa hizo. Katika makabila mengi ya Afrika husimuliwa kwamba Mungu alimtuma kinyonga awapelekee watu habari za uzima, akachelewa njiani kwa mwendo wake wa kujivuta, na mjumbe mwingine akafika kwanza na habari za kifo. Wengine husema kwamba mate yake ni sumu, au kwamba akimrukia mtu hang'oki mpaka ngurumo ilie. Kwa ajili ya maneno hayo vinyonga wengi hupigwa mawe. Hadithi ni mali ya wazee wetu, na si vibaya kuisimulia. Lakini kinyonga hana sumu, wala harukii watu. Akikamatwa hujivimbisha, hugeuka rangi kuwa nyeusi nyeusi, hutoa sauti ya pumzi kali na kupanua kinywa. Afanya hivyo kwa hofu, ili aonekane mkubwa. Akizidi kubanwa hung'ata, nako kung'ata kwake ni kama kufinywa.

Itakapotokea kwamba mwalimu wenu, ambaye amemtambua mnyama huyo barabara, amewaruhusu kumshika kinyonga wa uani, msimng'oe kwenye tawi. Miguu yake imeumbwa kama koleo. Vidole vitano vya kila mguu vimeungana katika mafungu mawili, moja la vidole vitatu na jingine la vidole viwili. Katika miguu ya mbele fungu la vitatu liko upande wa ndani, na katika miguu ya nyuma liko upande wa nje. Hushika tawi kwa nguvu, na anayemvuta humjeruhi. Njia iliyo sawa ni kuweka mkono mbele yake, karibu na kidevu, na kumgusa kidogo kwa nyuma. Atauona mkono kama tawi jingine, naye atapanda mwenyewe, mguu mmoja mmoja, akisitasita. Mtahisi kucha zake zikishika ngozi yenu. Msimwinue kwa mkia. Mjusi wa ukutani akishikwa mkia huukata na kukimbia, kisha huota mwingine. Mkia wa kinyonga haukatiki hivyo, na ukivunjika hauoti tena. Mkia huo ni mkono wake wa tano. Mshikeni karibu na ardhi, ili akianguka asiumie, na baada ya dakika chache mrudisheni kwenye tawi lile lile.

Mkiwa mmetulia mtaona macho yake yakizunguka kila moja upande wake, moja likiwatazama ninyi na jingine likitafuta nzi. Nzi akipatikana, macho yote mawili hulenga mbele, na ulimi hutoka. Ulimi huo huwa mrefu kuliko mwili wake, ukiacha mkia, na hutoka upesi kuliko jicho letu liwezavyo kufuata.

Kuhusu rangi, watu husema kwamba kinyonga hufanana na kila kitu anachowekwa juu yake. Si kweli. Ukimweka juu ya kitenge hatakuwa na maua. Hubadilika kwa sababu ya joto, mwanga, hofu, hasira, na anapokutana na kinyonga mwenzake. Asubuhi ya baridi huwa mweusi mweusi upande ulioelekea jua, kwani rangi nyeusi hupokea joto zaidi. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza walichokiona katika ngozi ya kinyonga wa Madagaska. Ndani yake mna fuwele ndogo mno, na kinyonga akizisogeza mbali au karibu, mwanga unaorudi machoni mwetu hubadilika rangi.

Sasa twaingia katika jambo lililoleta hasara kubwa kwa wanyama hawa. Mtoto aliyempenda kinyonga wa msituni humtia mkobani na kushuka naye mjini. Nia yake si mbaya. Lakini mji wa Morogoro uko kwenye urefu wa kiasi cha meta 500 tu, na kinyonga wa mlimani amezoea baridi na ukungu. Mwili wake hauwezi kujipoza kama wetu, kwa kuwa hutegemea joto la nje. Tena hanywi maji yaliyo katika bakuli kama kuku anywavyo. Hulamba matone ya umande na ya mvua juu ya majani. Hivyo huweza kufa kwa kiu ndani ya kopo, na bakuli la maji limejaa pembeni yake.

Watu wazima nao wamefanya makosa ya namna hiyo, tena kwa ajili ya fedha. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, wako kobe wakubwa ambao wageni hupenda sana kuwalisha na kuwapapasa shingo. Wa kwanza walikuwa wanne, walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana hata wakafika kiasi cha 200 mwaka 1955. Baadaye wezi walianza kuwachukua ili kuwauza, na ilipofika mwaka 1996 walibaki saba tu. Ilibidi waletwe kobe wengine wachanga na kuwekewa ulinzi. Vinyonga wa milima yetu pia walisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani kufugwa majumbani, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipopiga marufuku kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Hapa nchini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata mnyamapori bila kibali.

Imebaki habari ya wale wasioguswa. Nyoka yeyote aliye porini, shambani au nyumbani haguswi, awe mkubwa au mdogo, awe amelala au aonekane amekufa. Kifutu hulala kimya njiani, akifanana na majani makavu, na watu humkanyaga. Koboko na swila wana sumu kali, na swila wengine hutema sumu machoni. Katika misitu ya Uluguru yumo pia nyoka mdogo wa mitini, wa jamii ya kifutu, mwenye magamba yaliyosimama kama pembe juu ya macho. Mtu atafutaye kinyonga matawini kwa kupapasa aweza kumgusa huyo badala yake. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutopekua majani kwa mikono.

Akiumwa mtu, mwiteni mtu mzima mara moja. Mgonjwa alale, asitembee, na kiungo kilichoumwa kifungiwe kijiti kama afungwavyo mtu aliyevunjika mfupa, ili kisisogee. Vueni bangili, pete au saa iliyo kwenye mkono huo kabla haujavimba. Kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa maana huko ndiko iliko dawa ya sumu. Msichanje jeraha, msilinyonye, wala msikaze kamba juu yake. Mambo hayo huongeza madhara. Kama sumu imeingia machoni, oshweni kwa maji mengi. Wala msimfukuze nyoka ili mpate kumtambua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini.

Kwa kazi ya juma hili, tafuteni kinyonga mmoja katika ua wa shule kwa kutumia macho tu, mkisimama hatua mbili kutoka kwenye majani. Mkimpata, fungeni uzi kwenye tawi la jirani ili mpajue mahali pale. Mtazameni saa moja asubuhi, saa nne, na saa saba mchana. Kila mara pimeni joto la hewa kwa kipimajoto, kisha andikeni rangi yake, upande alioelekea, na kama yuko juani au kivulini. Hesabuni pia ni hatua ngapi anakwenda kwa dakika tano. Saa saba huenda msimwone kabisa. Hapo andikeni joto la wakati huo, na katika nafasi ya rangi andikeni: "Amejificha."